Mtungi wa sosi ya soya, siku ya 23: mlizamu umezibuka

Umetoka! Leo alfajiri ukoko wa chokaa uliokuwa umeziba mlizamu (tundu la kumiminia) umeachia wenyewe, kipande kimoja cheupe, kirefu kama kucha ya kidole gumba, chenye umbo lile lile la tundu. Nimekitia kwenye kikopo, sikitupi.

Ni ule mtungi wa kahawia wa Guangdong, China, nilioununua hapa Sacramento, nyumba ya marehemu ilipouza vyombo vyake. Mabega mapana, mdomo mdogo juu, mlizamu ubavuni. Aliyekuwa nao aliwahi kuusugua kwa waya, na mistari ya kijivu haitoki. Inaniuma kila nikiugeuza.

Kosa langu lilikuwa siki. Ilitoa povu, nikafurahi. Ulipokauka, unga mweupe ukachanua takoni kuliko mwanzo, maana siki huigeuza chokaa kuwa chumvi nyingine, na tako lisilo na rangi ya kung'aa likainywa yote. Nikaanza upya kuuloweka kwenye beseni la maji yaliyotoneshwa (yasiyo na chumvi), nikiyabadilisha kila asubuhi na kupima kwa mita chumvi iliyotoka mtungini. Kipimo kikashuka 380, 210, 95, kisha kikagoma kwenye 60. Siku nane, 60! Nilibadilisha beseni, nikabadilisha hata duka la maji.

Kumbe ilikuwa hewa. Mlizamu umeziba, mtungi umekaa wima, povu la hewa limejibana chini ya bega na maji hayafiki pale. Niliulaza ubavu, ukabubujika, na kesho yake kipimo kikaruka hadi 140. Sijawahi kufurahia namba mbaya namna ile. Jana kilisoma 8.

Vifaa: kijiti cha mshikaki cha mwanzi kinatosha. Chuma kisiguse kabisa. Mita ya bei rahisi inafaa, mradi iwe ile ile moja tangu mwanzo.

Leo nilipanga kupiga picha chupa za pombe, zile zenye onyo la Kiingereza la kukataza chupa kuuzwa au kutumiwa tena, sharti la Marekani la 1935 hadi 1964. Sikuzigusa. Nilijaza mtungi maji nikauinamisha: uzi mwembamba, umenyooka. Nikaziba mdomo wa juu kwa kidole gumba, ukakatika papo hapo. Nikaachia, ukarudi. Mpishi alikuwa akipima sosi kwa kidole tu! Nimerudia mpaka sakafu ya jikoni imelowa.

Sasa nataka kuufinyangia kizibo cha udongo. Chupa zitasubiri.