Lenzi iliyokaa kwenye kopo la biskuti

Kwa miaka minne nimekuwa nikipiga picha za maduka ya zamani ya mjini Jinja, Uganda, yale yaliyojengwa na wafanyabiashara wa Kihindi na ambayo mengi yake bado yameandikwa mwaka wa ujenzi juu kabisa ya ukuta wa mbele, na kwa muda wote huo nimekuwa nikiikata miaka hiyo pichani. Kamera yangu hutumia filamu ya inchi 4 kwa 5, na lenzi niliyokuwa nayo ni ya milimita 150, ambayo kwa filamu ya ukubwa huo ndiyo ya kawaida. Nikisimama mita 12 kutoka dukani, lenzi hiyo hunionyesha upana usiofika mita 10. Nikizidi kurudi nyuma naingia barazani mwa duka la ng'ambo, na picha inajaa migongo ya waendesha bodaboda. Lenzi ya milimita 90 huchukua mita 16 kutoka palepale, takriban kama ionavyo lenzi ya milimita 28 kwenye kamera ndogo ya filamu.

Nilianza kwa kukosea. Niliona tangazo la Angulon ya milimita 90, f/6.8, ya kampuni ya Schneider, ndogo kama kikombe cha kahawa, kwa bei ya chini, nikaiagiza kutoka nje bila kutambua kwamba kuna neno lililokosekana katika jina lake. Angulon ni muundo wa miaka ya 1930. Ukilifunga tundu lake la mwanga hadi f/22, duara la taswira linaloangukia kwenye filamu huwa na kipenyo cha milimita 154, ilhali filamu yangu, kutoka pembe hadi pembe, ina milimita 153. Filamu inaenea, lakini ukiinua lenzi kidogo tu ili kupata sehemu ya juu ya jengo, pembe zinaingia giza. Super-Angulon, iliyokuja miaka ya 1950, hata ile ya f/8 ambayo ndiyo nyepesi na nafuu katika ukoo huo, ina duara la milimita 216. Kwa mtu anayepiga picha za milima tofauti hiyo huenda isimsumbue, lakini kwa anayepiga picha za majengo hiyo ndiyo hoja nzima, kwa sababu ukiinamisha kamera kuelekea juu kuta zinaegemea nyuma kama zinazotaka kuanguka, na dawa yake ni kuiacha kamera wima na kuipandisha lenzi peke yake.

Habari za lenzi ya pili, Super-Angulon ya milimita 90, f/8, nilizipata kwa mzee mmoja wa Jinja aliyefunga studio yake zamani. Aliitoa kwenye kopo la biskuti lililojazwa mchele nusu, akaipangusa kwa kanga, akaniambia, "Itazame utakavyo, mwanangu, mimi sina haraka." Nami nikaitazama kwa muda uliompa nafasi ya kumaliza birika la chai.

Kuhusu mchele sikumpinga. Vumbi lake si zuri kwa kioo, lakini kando ya Ziwa Victoria adui wa lenzi ni unyevu, na kuvu hupenda kuota mahali penye giza pasipopita hewa. Nilifungua shata, yaani kifungio kinachoamua mwanga uingie kwa muda gani, na tundu lote, nikamulika kwa tochi ya simu kutoka nyuma huku nikiigeuza lenzi polepole. Kuvu huonekana kama nyuzi za buibui zinazotambaa kutoka ukingoni, na ikikaa muda mrefu huila tabaka la kinga lililo juu ya kioo, hivyo hata ikisafishwa huacha kovu. Sikuiona. Nilichokiona ni vidoadoa vyeupe vingi, kama chumvi iliyomwagika, kuzunguka ukingo wa vioo vya ndani. Mzee alishusha sauti kabla sijasema lolote: wateja wawili walikwishaikataa kwa sababu hiyo. Vidoadoa hivyo ni rangi nyeusi ya ukingoni iliyobanduka, jambo la kawaida sana kwa lenzi za Schneider, na katika picha havionekani kabisa. Vinaonekana katika bei tu, na mimi sikuona sababu ya kulalamikia hilo.

Shata ndiyo iliyonitia wasiwasi, kwa kuwa kioo hukaa hivyo hivyo miaka 50 lakini mafuta ya springi na magurudumu madogo hukauka. Niliirekodi kwa simu, video ya fremu 240 kwa sekunde, kisha nikahesabu fremu ambazo shata ilikuwa wazi. Kwenye sekunde moja zilikuwa 330 badala ya 240, yaani karibu sekunde 1.4. Kwenye 1/60 zilikuwa nne, kama inavyotakiwa. Jua letu la saa nne asubuhi, kwa filamu ya ISO 100 na tundu la f/22, linahitaji takriban 1/60. Na kasi ya sekunde nzima ninaweza kuihesabu kwa saa ya mkononi, shata ikiwa kwenye B, ambapo hubaki wazi kadiri ninavyoibonyeza. Mzee alianza na shilingi 850,000, nikamwonyesha video, tukapatana 700,000.

Nyumbani kulikuwa na mambo mawili zaidi. Kibao cha lenzi chenye tundu la milimita 34.6 nilichongewa na fundi wa Katwe, Kampala, kutoka kipande cha alumini, na alikuwa sahihi kuliko kalipa yangu. La pili sikulitazamia: kwa lenzi fupi namna hii mvukuto wa kamera, ule mfuko wa mikunjo unaounganisha lenzi na sehemu ya filamu, hukunjamana hadi ukawa mgumu kama kadibodi, ukawa unaisukuma lenzi irudi chini kila ninapoipandisha. Ilinibidi nishone mwingine wa ngozi laini, mfupi na mlegevu kama mfuko. Atakayenunua lenzi pana na auhesabu mfuko huo katika gharama tangu mwanzo.

Jumamosi iliyopita nilirudi Jinja kabla mtaa haujachangamka. Chini ya kitambaa cheusi, f/8 hutoa taswira hafifu, na pembe za kioo cha kulengea karibu hazionekani mpaka usogeze kichwa, uchungulie kwa upande. Kamera ilikuwa wima, mita 12 kutoka ukutani, na ikaishia chini kidogo ya mita nane kwenda juu, bado chini ya ule mwaka. Nilianza kuzungusha skrubu ya kupandishia lenzi. Milimita 5, 10, 15. Kwa kuwa taswira huja kichwa chini, mwaka uliingia kutokea ukingo wa chini wa kioo, tarakimu zikiwa zimepinduka, kwanza miguu yake halafu vichwa, nikafunga skrubu kwenye milimita 20.