Papa wa Mama kwenye beseni

Jumamosi, usiku

Mama kaingia leo mchana na basi la Pangani, na kama kawaida yake hakuja mikono mitupu. Kapuni mna nazi, ndimu, na papa ng'onda mkavu kama ubao, kafungwa gazeti. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, na kabla hajavua hata viatu: "Mbona umekonda hivi, mwanangu? Huku hupewi chakula?" Mke wangu akanitazama, akaingia zake jikoni.

Nimepungua kilo sita. Kwa nini, Mama hajui, kwa sababu mwaka mzima nimemficha habari ya presha.

Siku nilipopimwa mara ya kwanza nilikuwa nimemsindikiza mtoto kliniki. Muuguzi akaniita kama utani, mashine ikasoma 162/98. Nikasema ni jua, nimetoka kunywa kahawa barazani. Akanikalisha dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono juu ya meza usawa wa kifua. Ikaja 158/96. Nikarudi siku nyingine mbili, na zote ikavuka 140/90. Kichwa hakiumi, kizunguzungu sina, usingizi ninao wa kugawa. Hicho ndicho kilichoniudhi. Malaria angalau inakutetemesha ukaiheshimu.

Nikaanza na nililodhani ni rahisi: kijaluba cha chumvi nikakiondoa mezani. Barazani kwetu Ngamiani kila mtu ni daktari, na wote walikubaliana kwamba mbaya ni chumvi mbichi, ya kupikia haina neno. Nami niliamini hivyo mpaka nilipofika miaka 51. Nilipomweleza yule muuguzi akacheka: "Kwani baba, ikiingia sufuriani inageuka sukari?"

Aliniambia mtu mzima asipitishe gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo umo mkate, umo mchuzi, imo achari. Nyumbani tuko watano. Pakiti ya nusu kilo ingepaswa kutufikisha siku ishirini. Mke wangu akaandika tarehe kwa kalamu juu ya pakiti mpya. Siku ya tisa ilikuwa tupu. Tulitazamana kama watu waliogundua kuna mwizi ndani ya nyumba. Na hapo hatujahesabu mkate wa dukani wala vile vidonge vya mchuzi alivyokuwa akitia kwenye maharage.

Sasa anakolezea ndimu, kitunguu saumu na pilipili. Wiki ya kwanza watoto walinuna. Wiki ya nne mkubwa alikula kwa shangazi yake akarudi akilalamika kwamba chakula cha kule kina chumvi. Sikusema kitu, ila moyoni nilicheka.

Baiskeli haina hadithi ndefu. Nilikuwa nimeshaiacha kwa sababu ya pikipiki, aibu kubwa kwa mtu wa Tanga, mji wenyewe tambarare kama meza. Nikishaswali alfajiri naelekea Raskazone, nageuka, narudi. Nusu saa na ushee.

Pale nilipoharibu ni kwenye vidonge vya presha nilivyopewa kliniki. Mwezi wa nne nilisoma 128/80 nikajiona nimepona, nikaviacha bila kumwambia mtu. Wiki tatu baadaye, 154/94. Muuguzi safari hiyo hakucheka. Akasema ile 128 ilikuwa kazi ya kidonge, ya mapishi yasiyo na chumvi nyingi na ya baiskeli kwa pamoja, na kama nataka kupunguza dawa apunguze daktari, si mimi. Nikarudi kumeza. Leo asubuhi daftari linasema 132/82.

Basi jioni hii, papa yuko mezani, nikamwambia Mama yote. Nilitegemea kilio. Akanyamaza, akipitisha kidole kwenye ile chumvi nyeupe iliyoganda mgongoni mwa papa. Kisha akasema: "Babu yako alianguka shambani, upande mmoja ukafa. Tukasema kapigwa na upepo mbaya. Tukamzungusha kwa waganga miezi miwili." Hii habari sikuwahi kuisikia. Nilijua tu kwamba babu alifariki kabla sijazaliwa.

Akainuka, akadai kisu na beseni. Kamkata vipande vidogo, kamtia majini. Maji yamwagwe mara tatu, kisha achemshwe na maji yale yamwagwe pia, ndipo tui liingie. Chumvi isitiwe hata chembe, papa anayo yake ya kutosha, na mimi nipewe vipande viwili tu, nijaze sahani kwa mchicha. Mke wangu alikuwa akitikisa kichwa kuafiki kila neno, maneno yaleyale anayoniambia yeye kila siku.

Saa nne nimemwaga maji ya kwanza. Nimechovya kidole nikaonja: bahari tupu. Mama kaniita kutoka chumbani, nilidhani kalala.

"Umemwaga?"

"Nimemwaga, Mama."

"Ya pili saa sita. Usinisingizie usingizi."