Cherero wangu anasema "nipo"

Cherero, yule ndege mdogo wa jamii ya kasuku, anaweza kusema. Naanza na hilo kwa sababu nimechoka kuambiwa haiwezekani na watu ambao hawajawahi hata kumbadilishia ndege maji. Ila usitegemee akupigie soga kama kasuku. Atakupa neno moja, pengine mawili matatu, kwa kisauti chembamba cha haraka ambacho mgeni hatakitambua mpaka umwambie atege sikio. Wengi hawasemi neno maisha yao yote. Wangu anasema, na najua alivyofika hapo.

Naishi Muscat, nashona kofia nyumbani, na nyumba yetu ni ya Kiswahili tangu wazee waliotoka Unguja. Ndege nilimnunua hapahapa kwa rial chache (tundu lilikuwa ghali kuliko yeye), lakini ukoo wake ni wa Tanzania. Ni cherero wa Fischer, yule mwenye uso wa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Kwao porini ni Serengeti na kusini mwa Ziwa Victoria. Miaka ya 1980 walinaswa kwa maelfu kupelekwa ng'ambo, mpaka serikali ikasimamisha biashara ile. Kwa hiyo nilimbana muuzaji anionyeshe pete ya mguuni isiyo na kiungo, ile anayovishwa kinda wa siku chache tu, maana kwa mkubwa haipiti. Hiyo ndiyo dalili kwamba ndege kazaliwa tunduni. Na nikachagua mtoto, bado ana weusi kwenye shina la mdomo. Mkubwa aliyekwisha zoea wenzake ni kazi nyingine kabisa.

Ushauri nilioupata baada ya hapo, Mungu awasamehe walioutoa. Muuzaji alishikilia nichukue wawili, eti mmoja atakufa kwa upweke. Kwa mtu anayeondoka alfajiri kurudi magharibi, ana haki. Mimi nashinda nyumbani, na ndege anashinda begani kwangu akininyofolea nyuzi. Bwana mmoja akaja na jambo la kuudhi zaidi: nimparuze ulimi kwa ukingo wa sarafu ili uwe mwepesi. Tafadhali, mtu asikudanganye. Sauti ya ndege haitoki ulimini wala hana nyuzi za sauti kama sisi. Inatoka kifuani, pale bomba la pumzi linapogawanyika kwenda kwenye mapafu mawili. Kumparuza ulimi ni kumtesa, akashindwa hata kumenya punje ya uwele.

Wengine walisema ni mdogo mno, hana akili ya maneno. Huko California aliishi ndege wa jamii ya kasuku mwembamba kuliko cherero, jina lake Puck, aliyekufa mwaka 1994. Kitabu cha Guinness kilimwandika kuwa na maneno 1,728. Udogo si hoja.

Ushauri uliosikika wa maana ulikuwa wa simu: rekodi salamu, funika tundu kwa kanga, acha irudie asubuhi nzima. Nikarekodi "asalamu aleikum" yangu safi, kwa sauti ya kutulia, nikafunika, nikakaa pembeni na kofia yangu. Siku za mwanzo alinyamaza kimya. Hata kelele zake za kawaida zilikatika, na wenye nyumba wakafurahi. Mimi nikaona anasoma. Programu ile ya kurekodi ilikuwa inatoa mlio mdogo mwanzoni, "pip!", kabla ya salamu. Asubuhi moja niko jikoni nakoroga uji, nasikia pip. Naenda kuangalia simu, imezimwa. Narudi, pip tena. Ni yeye! Alikuwa ameruka salamu yote na kuchukua ule mlio, bila kukosea, na kila akiutoa anainamisha kichwa kuangalia mlango.

Hapo ndipo nilipopata ufunguo. Kwa nini pip na si salamu? Kwanza ni fupi na kali, inafanana na sauti zake mwenyewe. La pili ndilo kubwa: kila mlio ule uliposikika nilikuwa nimeinuka kuja kushughulika na simu au kufunua kanga. Ndege alijua pip inaleta mtu. Salamu ilikuwa haimletei chochote.

Cherero ni ndege wa kundi. Asipomwona mwenzake anaita, na mwenzake anaitikia. Mimi nikitoka chumbani alikuwa anapiga ule ukelele unaochoma masikio, na nyumba nzima inamjibu "nyamaza!" Nikawakataza wote. Akiita, mimi peke yangu najibu, popote nilipo, neno lilelile kwa sauti nyembamba ya juu: "Nipo!" Akipiga kelele zaidi, siji. Akitoa sauti ndogo, yoyote ile, naja na kipande cha karoti au kijani cha mchicha. Hakuna kanga wala simu. Mazungumzo yalikuwa ya mlango kwa mlango, kutwa nzima, na ilichukua miezi.

Kwanza ilikuwa "i-po", ya kukwaruza. Mama alikuwa sebuleni akaniuliza, "Mwanangu, nani huyo anakuitikia?" Nikamwambia, "Mama, ni ndege." Akaja akasimama mlangoni, ndege akainama, akapanua mabawa kidogo, akasema "nipo!" yote, na ile n ya mbele ikasikika. Sikushona tena siku ile.

Chakula chake ni uwele na mtama, mboga mbichi, alizeti kidogo tu maana inamnenepesha, na mfupa mweupe wa ngisi wa kutafuna. Parachichi ni sumu kwake. Na kile kikaango kisichoshika chakula kikiungua jikoni, moshi wake unaua ndege chumba cha pili, nimekitoa nyumbani.

Ukiwa tayari unao wawili walioshikana, wanaochanana manyoya, usiwatenge ili mmoja aseme. Waache. Wafundishe mbinja, hiyo wanaichukua kwa wepesi hata wakiwa pamoja, na mmoja akiijua mwenzake huifuata.

Sasa mpwa wangu anataka ndege afundishwe "karibu" apokee wageni. Nimemkatalia kwanza, neno refu, na wageni hawaji kila siku. Tumekubaliana "tupe", linalosemwa kila karoti inapotoka kwenye friji. Wiki hii ameanza na "pe".