Euro 3 kwa Chupa, Bomba Hatua Ishirini Mbele

Siku ya kwanza Roma siielezi. Iliishia kwenye kuburuza sanduku juu ya njia za mawe na kugombania chumba nilichokwisha kukilipia. Ila chupa ya siku ya pili bado inaniuma. Jua la Julai, koo limekauka, Chemchemi ya Trevi inamwaga maji mbele yangu, na muuzaji ananitajia euro 3 kwa nusu lita. Nikatoa.

Hata hatua ishirini sikufika, nikamkuta bibi mmoja kwenye nguzo fupi ya chuma yenye bomba lililopinda. Wenyewe huiita nasone, pua kubwa. Haina koki, maji yanatiririka tu. "Shikamoo" ikanitoka kwa mazoea. Hakuielewa, lakini alitabasamu, akaziba mdomo wa bomba kwa kidole. Maji yakaruka juu kupitia kitundu mgongoni mwa bomba, akanywa bila kuinama sana. Kisha akanipisha. Yalikuwa baridi hadi meno yakaniuma, tena bure! Kwenye chuma kuna herufi SPQR: Seneti na Watu wa Roma.

Jioni, kwenye Pantheon, hekalu la kale la Warumi, nililisoma jina la Marcus Agrippa, jemadari wa Roma ya kale, juu ya nguzo. Jengo lililopo ni la zama za mfalme Hadrian, aliyekuja baadaye sana lakini akaliacha jina la Agrippa. Agrippa alikuwa konsuli mwaka 37 KK, cheo cha juu kabisa kati ya vile vilivyochaguliwa kila mwaka. Mwaka 33 KK akakubali kushuka awe edili, msimamizi wa mitaa, masoko na maji. Alikarabati mifereji ya kuleta maji mjini kwa fedha zake, akasafisha mfereji mkuu wa majitaka, akapita ndani yake kwa mashua hadi mto Tiber. Mwaka 19 KK akafungua Aqua Virgo, mfereji wa maji wa kilomita kama 20, karibu wote chini ya ardhi. Warumi walisimulia kwamba binti mdogo ndiye aliyewaonyesha askari chemchemi zake. Mfereji huohuo, baada ya kukarabatiwa mara nyingi, ndio unaolisha Trevi mpaka leo.

Nyumbani Mbagala mama huamka saa kumi alfajiri kukinga maji ya mgao, madumu yamejipanga uani. Nilimpigia kwa video nikamwonyesha ile nasone.

"Nani huyafunga usiku?"

"Hayafungwi, mama."

Akanyamaza kidogo. "Basi kinga, mwanangu, kabla hayajakatika."