Sinia Halitangulii

Tangazo lilinikuta hata masanduku sijayafungua yote. Picha ya kijana juu ya jiwe, mikono kaitandaza, jua linatua mgongoni kwake. Chini yake bei: usafiri, kiongozi, fulana ya chama, picha za droni ndani ya bei hiyo hiyo, chakula juu yako. Mwisho namba ya tili ya kulipia. Safari ya mlima Kasigau, huko Taita. Na chama ni kile kile chetu cha kupanda milima mkijuacho nyinyi mliokuwa mkikaa nasi barazani Mji wa Kale, Mombasa, Alhamisi baada ya isha, kikombe cha kahawa tungu mkononi, tukibishana ni zamu ya nani kubeba maji.

Nililipa papo hapo. Miaka yote niliyokaa Bergen nimewachosha Wanorwei kwa habari za chama hiki. Sasa nimerudi, nikaona ngoja nikakionje tena.

Ya zamani mnayajua, sina haja ya kuyarudia. Treni ya usiku iliyotushusha Voi watu wamelala, matatu ya Wundanyi, baridi ya mlima Vuria kule mita 2,208, watoto wa bahari tunatetemeka chini ya minara ya mawasiliano huku Mtaita anapita na shati la mikono mifupi anatucheka. Hayo yamebadilika na mimi sina neno nayo. Tangu 2017 kuna Madaraka Express, na kutoka Miritini hadi Voi si safari tena. (Kufika Miritini kwenyewe ndiyo safari.) Buti wanazovaa vijana sasa ni buti kweli, sisi tulipanda na raba. Wana mkoba wa huduma ya kwanza, wana ramani kwenye simu. Na wasichana ni wengi, wala hawaji tena na kaka wa kuwalinda, jambo ambalo enzi zetu lingeitishiwa kikao. Hongera zao.

Ila kuna la sinia. Hili nalieleza kwa ajili ya vijana, wazee wenzangu mniwie radhi.

Pilau yetu ilipikwa usiku, chini ya mlima. Alfajiri sufuria linafungwa kwa shuka, linapewa mtu wa mabega. Mwingine anabeba vitunguu, nyanya na ndimu za kachumbari. Mwingine madumu ya maji. Mwingine chupa za chai ya tangawizi. Na sinia lenyewe, la alumini, pana, limebonyea ukingoni, linafungwa mgongoni kwa kamba ya katani, jua likilipiga unaliona kutoka bonde la pili. Sheria ilikuwa moja, haikuandikwa popote: sinia halitangulii. Anayelibeba ndiye wa mwisho, na hakuna ruhusa ya mtu kubaki nyuma yake.

Oneni hesabu yake. Wewe una miguu, umefika kileleni saa nne asubuhi, hongera. Utakula nini? Maji yako na fulani, pilau iko na fulani, na sinia liko huko chini na yule ami yetu wa Ganjoni mwenye kitambi, anayeketi kila baada ya hatua ishirini na kusema mlima hauna haraka. Utamngoja. Ukichoka kumngoja utashuka umpokee begi, na ndivyo walivyokuwa wakifanya, tena bila ya kuambiwa. Njaa iliwatia adabu vijana ambao mama zao walishashindwa nao. Wapanda milima wakubwa hufungana kamba viunoni, na kamba yetu sisi ilikuwa lile sinia.

Basi twende Kasigau. Tuliondoka usiku, Maungu tukaacha lami, tukala vumbi hadi Rukanga. Mlima mnaujua: nyika kavu ya miiba pande zote, halafu ghafla jabali limesimama, na juu kabisa, kama mita 1,600 na kitu, ni msitu wa ukungu, miti imeota kuvu na ndevu za kijani, maji yanadondoka kwenye majani hata wakati wa kiangazi. Chini wanapita tembo.

Zamani yule mzee aliyetuongoza alikuwa hatupandishi mpaka atuketishe. Atatueleza namna Waingereza walivyowang'oa Wakasigau wote mwaka 1915, wakati wa vita na Wajerumani, kwa tuhuma kwamba wamempa adui njia, wakapelekwa Malindi, na wengi wakafia huko. Waliobaki na watoto wao walikaa miaka mingi kabla ya kurudi kwenye mlima wao. Alikuwa akilisema hilo huku anaweka tumbaku mdomoni, halafu anasimama, "haya". Safari hii kiongozi alitambulishwa kwa spika, akapigiwa makofi, muziki ukafunguliwa, watu wakaondoka.

Nusu saa haikupita mstari ulishakatika. Wenye miguu wamepotelea juu na spika lao, sisi wa katikati tunasikia ngoma tu kwa mbali. Nikasema si neno, tutakutana kwenye chakula.

Tulipofika juu ndipo nilipoona nilichokuja kukiandika hapa. Kila mtu ameketi na kontena yake ya plastiki. Huyu chipsi na kuku wa jana, yule biriani, yule biskuti. Wamegeuziana migongo, na simu magotini. Nimesimama hapo katikati na jasho langu, na hakuna, wallahi hakuna hata mmoja aliyesema "karibu". Watu wa Mvita! Mtu anatafuna, mwenzake amesimama mbele yake, na ulimi haumwashi kusema karibu, hata ile karibu ya uongo ya kungoja uambiwe "ahsante, nimeshiba". Nimekaa kwa watu ambao mjini hawakusalimii hata mkiwa jirani mlango kwa mlango, na hilo halikuwahi kunisononesha. Hili limenisononesha.

Nikamuuliza kapteni wa safari, kijana mpole, mwana wa rafiki yangu, sinia liko wapi. "Ami," akasema, "tangu korona tuliacha mambo ya kula pamoja." Nikanyamaza, kwa sababu 2020 si mchezo, tulizika. Lakini nimerudi nikakuta msikitini safu zimebanana bega kwa bega. Nimekwenda harusi Kibokoni nikala sinia moja na watu nisiowajua hata majina. Kumbe korona iliyobaki yote imehamia mlimani.

Ukweli ni kwamba kontena ni rahisi. Chakula cha kila mtu kikiwa kwenye begi lake, chama hakina la kupanga, hakuna wa kugombana naye kuhusu chumvi, na anayekusanya pesa amebaki na kazi ya basi na droni. Na asiyekuhitaji kwa maji wala kwa pilau, akungoje kwa nini?

Ilipofika zamu ya droni, tukaambiwa tusimame duara. Ndipo ikaonekana duara halikamiliki. Kuna binti hayupo, mwanafunzi, safari yake ya kwanza. Hakuna aliyejua amemwona mwisho wapi. Kapteni akaangalia simu: "Nilimtumia pini ya ramani." Ndani ya msitu ule hakuna mtandao hata wa kusema aloo.

Tukashuka, mimi na kiongozi wa Rukanga. Tulimkuta ameketi juu ya mzizi, maji yamekwisha, buti moja limefunguka soli mdomo wazi. Buti la mtumba, Kongowea. Alilizungushia waya wa chaja ya simu mara tatu nne akalifunga fundo, akatembea nalo mpaka waya ukakatika. Nikamuuliza mbona hukuita. "Niliona nitawachelewesha, ami." Halafu akafungua kimfuko chake, viazi karai alivyopika mama yake, havijaguswa. Alikuwa hajala kwa sababu ameona haya kula peke yake njiani. "Karibu viazi, ami."

Nilikula. Kiongozi hakuketi, alisimama tu anatazama nyika chini na anatazama jua, maana saa za tembo zinakaribia na bado tuna mteremko mzima na soli ya kufunga. Tulilifunga kwa kamba ya begi langu, tukafika chini giza limeingia, basi linanguruma na watu wamenuna kwamba tumechelewesha.

Nilidhani nitacheka nalo kesho yake. Kesho yake nikafungua grupu nikakuta picha ya binti anachechemea, wamemwandikia "mkia wa safari", na nyuso za kucheka zimejazana chini yake. Niliandika maneno machache, kwa heshima. Nikapata vidole gumba kadhaa. Jioni grupu likabadilishwa, wanaoweza kuandika ni wasimamizi peke yao.

Na hawa ndio wanaotangaza safari ya Lenana, kilele cha Mlima Kenya! Mita 4,985, usiku mbili, kwa watu waliolala jana yake usawa wa bahari. Nawaomba wazazi wenye watoto humo waulize. Kutoka kambi ya Old Moses, mita 3,300, hadi Shipton's, 4,200, ni kupanda mita 900 kwa siku moja, na mtu wa pwani anataka usiku wa ziada pale chini mwili uzoee. Kule wa nyuma huenda si mvivu. Mara nyingi ndiye ambaye kichwa kimeanza kumgonga, anatapika, anazungumza mambo yasiyoshikana, na dawa yake ya kwanza ni kuteremshwa. Sasa nani atamwona, ikiwa wa mbele wamemwacha saa mbili nyuma na wamemtumia pini?

Norwei, na hili nalisema mara moja tu kwa kuwa nimeshaambiwa nimezidisha "kule nilikokuwa", chama chao kikubwa cha matembezi kipo tangu 1868. Kina vibanda milimani ambavyo unafungua kwa ufunguo wa uanachama, unakuta chakula kabatini, unachukua, unajiandikia deni lako, unalipa. Hakuna anayekuchunga. Sinia hawana, kila mmoja ana mkate wake baridi mfukoni. Ila wana kanuni 9 za mlimani ambazo mtoto wa shule anazijua, na moja inasema si aibu kurudi. Wao wameziandika. Sisi zetu zote zilikuwa kwenye lile sinia, na likatupwa sijui stoo ya nani.

Wewe unayejiandaa kurudi, na najua mko wengi Doha na Birmingham mnaosoma hapa, chukua haya. Kabla ya kulipa namba ya tili yoyote, uliza jina la anayebaki nyuma. Wakijibu "tutaona", pesa yako nunua samaki. Chupa ya maji iwe ya chuma. Tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi, na lango la Shimba Hills watakupokonya mbele ya watoto wako. Usiende na hadithi za baraza, mwenye kahawa hayupo tena na barazani pamewekwa pikipiki. Na usitegemee kwamba utaambiwa karibu. Beba chako, ukifungua sema wewe.

Mimi wale wa chama nimeshaacha kuwaandikia. Jumapili ijayo naenda Rabai kwa miguu kutoka Mazeras, na anayetaka na aje. Mlima mkubwa pale hakuna, lakini ndiko alikotoka Rebmann, mmisionari wa Kijerumani, alipokwenda kuiona theluji ya Kilimanjaro Mei 1848, theluji ambayo wasomi wa London walikataa kwamba ipo, na aliyeuongoza msafara ule ni Bwana Kheri, mtu wetu wa pwani. Tutapita karibu na kaya, misitu mitakatifu ya Wamijikenda, ambazo ziko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2008, na hatuingii mpaka wazee waturuhusu, kwa hivyo njooni na mavazi ya heshima.

Tunakutana Mazeras saa moja asubuhi. Mchele na nyama juu yangu. Kachumbari imechukuliwa na binti wa Kasigau, na ameshanunua buti nyingine. Natafuta mtu wa sufuria, mtu wa maji, na mwenye sinia kubwa la kuazima, maana mke wangu ameshasema lake la harusi halipandi mlima wowote.