Dawa ya tezi alfajiri, vitamini D jioni

Mwanangu alizaliwa tezi ya thairoidi haifanyi kazi, ila mwanzoni tulisifiwa: "Una bahati, mtoto analala tu, hata halii!" Kumbe usingizi ule, manjano isiyotoka machoni na kitovu kilichotuna ndizo dalili zenyewe. Damu ikapimwa, TSH, homoni inayoiamrisha tezi ifanye kazi, iko juu mno. Tukaanzishiwa levothairoksini, kidonge kimoja na nusu cha mikrogramu 25.

Dawa si ghali, kazi ni kumnywesha. Nilianza na maji kwenye bomba la sindano: maji yakatoka, unga ukang'ang'ania chini. Nikapaka kwenye chuchu, nusu ikaenda kwenye kanga. Mwisho nikaja na ufundi wangu, na ninaringa nao: vijiko viwili vya chai, kidonge katikati, nakandamiza huku nazungusha mpaka kilainike kama poda. Nakamulia humohumo matone ya maziwa, nakoroga, namtilia shavuni kwa ndani akiwa na njaa ya alfajiri. Kijiko kikibaki na weupe, tone jingine. Kuweka kwenye chupa nzima, hapana; asipoimaliza utajuaje kapata kiasi gani?

Ndipo akaja shangazi wa mume wangu na chupa ya kalsiamu. "Mama, tezi ikiharibika mifupa inalegea. Mpe pamoja na dawa yake umalize mara moja." Nikasoma kibandiko: kalsiamu, madini ya chuma, vitamini D. Sasa hiyo kalsiamu na chuma ndivyo vinavyoinasa dawa ya tezi tumboni isiingie mwilini! Daktari alisema hata mtoto akihitaji, zipishane saa 4. Wangu hakuhitaji, kalsiamu anaipata kwenye maziwa. Yanachopungukiwa maziwa ya mama ni vitamini D, inayosaidia utumbo kuifyonza hiyo kalsiamu. Kwa hiyo tulipewa matone ya D tupu, yuniti 400 kwa siku. Hayagombani na levothairoksini, jioni nimeichagua mimi tu nisichanganyikiwe. Ila angalia chupa: kuna inayotoa hizo 400 kwa tone moja na kuna inayozitoa kwa mililita nzima, na D ikizidi kalsiamu hupanda kwenye damu.

Jirani naye alitaka niongeze dawa ya tezi "akue haraka". Ikizidi nayo hula mifupa, ndiyo maana kipimo hubadilishwa kwa damu na uzito, si kwa macho ya jirani.

TSH imeshuka. Shangazi bado anauliza chupa yake inaendeleaje. Namwambia inaendelea vizuri.