Jinsi nilivyopata keki nyepesi ya machungwa katika joto la Malindi

Keki ya machungwa niliyokuwa nikioka hapa Malindi ilitoka nzito na yenye mafuta chini, ingawa vipimo vyote vilikuwa sahihi. Chanzo kilikuwa siagi: ili inase hewa inapopigwa na sukari, inatakiwa iwe laini lakini bado na ubaridi kidogo, takriban nyuzi 18 hadi 20, ilhali jikoni mwetu, hasa wakati wa kaskazi, huyeyuka ikiwa bado mezani.

Niliiacha siagi, nikatumia mafuta ya alizeti, na kazi ya kuinua keki nikayaachia mayai. Ute nautenga na viini, naupiga na matone machache ya ndimu katika bakuli kavu lisilo na chembe ya mafuta mpaka usimame wima, kisha nauchanganya na unga taratibu, nikikunja kutoka chini kwenda juu. Harufu nzuri imo zaidi katika ganda kuliko katika maji ya chungwa, nami hulisugua ganda lililoparuzwa pamoja na sukari kwa vidole hadi sukari inyevuke na kugeuka rangi. Ile sehemu nyeupe iliyo chini yake ni chungu, isiguswe kabisa.

Maembe na mapapai nayapanga juu wakati wa kuandaa tu, kwa kuwa maji yake huilowesha keki.